Mtindo huru ulitoka wapi? Uzi mrefu kuhusu historia ya mashindano ya kuogelea

#1 Kocha_Bweni

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa ufukweni na watoto ninaowafundisha hapa Tanga. Kuna kijana wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa mvuvi, aliyejifunza mwenyewe kwa kujirusha kutoka kwenye ngalawa ya baba yake. Anaogelea kichwa juu, mikono inatoka majini mmoja baada ya mwingine, miguu inachapa maji hadi povu linamfuata. Mzazi mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami akasema, "Kocha, huyu mfundishe kuogelea kizungu, hiki anachofanya ni cha kishamba." Nilimjibu kwa kifupi tu kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwa watoto, lakini neno lile limekaa nami wiki nzima. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Huo mtindo "wa kizungu" alioutaka, wa mikono kupishana hewani, ambao leo wengi tunauita mtindo huru, ulionyeshwa London mchana kweupe na Waingereza wakaukataa. Ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla haujashika mizizi kwenye mashindano yao, na walioufikisha huko walijifunza kwa watu wa visiwani na wa mitoni.

Mwaka 1844 London ilikuwa tayari na mabwawa ya ndani na vyama vilivyotoa medali kwa washindi. Mtindo uliotawala ulikuwa ule wa chura: kifua kimelala juu ya maji, mikono inafagia pembeni, miguu inakunjwa na kukunjuliwa, maji hayatibuliwi. Chama kimoja kikawaalika wanaume wawili wa kabila la Ojibwe kutoka Amerika Kaskazini waje kushindana kwenye bwawa la Holborn. Majina yao yaliandikwa kwa Kiingereza kama Flying Gull na Tobacco. Flying Gull alimaliza futi 130, yaani kama mita 40, kwa nusu dakika. Magazeti yakaeleza kwamba walipiga maji kwa fujo, mikono ikizunguka kama mapanga ya kinu cha upepo na miguu ikichapa kwenda chini, na kwamba namna ile haikuwa ya Kiulaya hata kidogo. Halikuwa neno la sifa.

Niseme ukweli wote: baada ya pale Mwingereza mmoja, Harold Kenworthy, alishindana nao kwa mtindo wake wa chura akawashinda bila taabu. Mimi kama kocha naelewa. Mikono kupita hewani peke yake haitoshi. Bila mpangilio wa kupumua unaishiwa pumzi haraka. Lakini Waingereza hawakuuchunguza mtindo ule wakaurekebisha. Waliuweka kando. Hata Kapteni Matthew Webb, mtu wa kwanza kuvuka mlango bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, Agosti 1875, alivuka kwa mtindo wa chura, saa 21 na dakika 45 majini, viwavi vya baharini vikimchoma.

Aliyefungua mlango ni John Trudgen. Alikuwa Mwingereza aliyeishi Amerika Kusini akaona wenyeji wa huko wanavyotoa mikono majini. Mwaka 1873 akaogelea hivyo kwenye mashindano nyumbani, ila miguu yake bado ilifanya mkasi. Watu wakashangaa kasi yake, na mtindo ukaitwa kwa jina lake.

Kisha anakuja mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, Alick Wickham. Alizaliwa Visiwa vya Solomon, akapelekwa Sydney kusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1890, kwenye bwawa la mwambani la Bronte, linalojazwa na maji ya bahari yenyewe, kijana huyu aliogelea kama walivyoogelea kwao: mikono inapishana, kichwa kinageuka, miguu inapiga juu chini kwa haraka bila mkasi wowote. Inasimuliwa kwamba kocha George Farmer alipaza sauti akisema tazameni mtoto yule anavyotambaa. Neno hilo la kutambaa ndilo jina la mtindo huo kwa Kiingereza hadi leo. Familia ya Cavill, waliokuwa waalimu wa kuogelea Sydney, wakauchukua wakaunoa. Dick Cavill akaupeleka Uingereza mwaka 1902 na kuogelea yadi 100 chini ya dakika moja. Ndugu yake Syd akaufundisha San Francisco.

Sasa mwangalie tena yule mtoto wa mvuvi.

Nitaendelea. Anayejua zaidi aongeze, anayeona nimekosea anisahihishe.

#2 Mtu_wa_Kirumba

Kocha, nimeweka kambi hapa. Mimi wa Mwanza, nimekulia ziwani na sikuwahi kusikia habari za Wickham. Swali langu: Olimpiki ya kwanza waliogelea wapi na kwa mtindo gani? Maana mabwawa haya ya mita 50 yenye kamba sidhani kama yalikuwepo.

#3 Kocha_Bweni

Hayakuwepo, ndugu yangu. Waliogelea baharini.

Ilikuwa Aprili 1896, kwenye ghuba ya Zea pale Piraeus, bandari ya Athens. Maji yalikuwa nyuzi joto 13 hivi. Kwa sisi wa Bahari ya Hindi tuliozoea 26 au 28, maji ya 13 yanakukaba kifua. Pumzi inakatika kabla hujapiga mkono wa pili. Mawimbi nayo yalikuwa makubwa siku hiyo.

Aliyeshinda mita 100 ni kijana wa Hungaria wa miaka 18, Alfréd Hajós. Baba yake alikufa maji katika mto Danube yeye akiwa na miaka 13, na kuanzia hapo akaamua lazima awe muogeleaji hodari. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 22.2. Uwekeni muda huo akilini, nitaurudia. Kisha akaingia tena kwa mita 1200. Safari hii boti ziliwapeleka washindani baharini, zikawaacha huko, wakatakiwa kurudi nchi kavu kwa nguvu zao. Hajós alijipaka mafuta mazito mwili mzima kuzuia baridi. Alishinda, na baadaye akaeleza kwamba hamu ya kubaki hai ilizidi hamu ya kushinda.

Mimi kilichonigusa ni alichofanya baada ya medali. Alisomea uchoraji wa majengo, na mwaka 1930 Budapest ikafungua bwawa la ndani alilolichora yeye, kwenye kisiwa cha Margit katikati ya mto uleule uliomchukua baba yake. Bado linatumika, na lina jina lake.

Paris 1900 walishindana ndani ya mto Seine. Mkondo uliwasukuma, hivyo nyakati za mwaka ule huwezi kuzilinganisha na za mwaka wowote mwingine. Kulikuwa na shindano la kuogelea chini ya maji, na jingine la vikwazo ambapo mtu alipanda nguzo na kupita juu na chini ya mashua. St. Louis 1904 walitumia ziwa la kuchimbwa. London 1908 ndiyo mara ya kwanza bwawa kujengwa kwa ajili ya Olimpiki, lenye urefu wa mita 100, ndani ya uwanja wa riadha, wakimbiaji wakilizunguka. Na mwezi Julai mwaka huohuo, hotelini London, nchi nane zikaunda shirikisho la kimataifa la kuogelea, FINA, ambalo sasa linaitwa World Aquatics. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na sheria zake na rekodi zake.

Kuhusu mtindo: hadi leo, kwenye shindano la mtindo huru sheria inakuruhusu kuogelea unavyotaka. Ukitaka kwenda kama chura, nenda. Wote wanachagua mikono kupishana kwa sababu hakuna unaoushinda kwa kasi.

#4 Mama_Salma_Unguja

Assalaam alaykum Kocha, na wachangiaji wote.

Nasoma kwa makini. Binti yangu ana miaka 12, anapenda maji kuliko kitu chochote, na bibi yake anasema mtoto wa kike kuogelea mbele za watu ni aibu. Naomba kujua wanawake waliingiaje kwenye mashindano haya. Na je, wenzetu wanaofunika mwili wanafanyaje?

#5 Kocha_Bweni

Wa alaykum salaam, Mama Salma. Asante kwa swali hili, na bibi mpe salamu zangu za heshima.

Wanawake waliruhusiwa kuogelea Olimpiki mwaka 1912, Stockholm. Na hofu ya bibi ndiyo ileile iliyokuwa Australia wakati ule. Chama cha wanawake waogeleaji cha New South Wales kilikuwa na sheria kwamba wanachama wake wasishindane mbele ya wanaume. Fanny Durack na rafiki yake Mina Wylie walikuwa wepesi kuliko wanawake wote wa huko, lakini sheria ikawazuia kwenda. Wananchi wakapiga kelele, sheria ikalegezwa, michango ikakusanywa, wakapanda meli.

Fanny alichukua dhahabu ya mita 100, Mina fedha. Muda wa Fanny kwenye fainali: dakika 1 na sekunde 22.2.

Rudini juu mkasome muda wa Hajós. Ni uleule hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Mwanamke wa kwanza kushinda dhahabu ya kuogelea alilingana kabisa na mwanaume wa kwanza, miaka 16 baadaye. Najua mmoja alikuwa kwenye mawimbi na baridi kali na mwingine kwenye maji yaliyotulia, hivyo sisemi ni kipimo cha haki. Lakini kila ninapowasomea watoto wangu wa kike tarakimu hizo mbili wananiomba nizirudie.

Mashindano yaleyale ya 1912 ndiyo yaliyomtambulisha Duke Kahanamoku wa Hawaii. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1911, aliogelea yadi 100 katika bandari ya Honolulu akaipita rekodi kwa zaidi ya sekunde nne. Wakubwa wa chama cha michezo huko bara Marekani wakakataa kuiandika. Walidai labda saa zilikosea au mkondo ulimsaidia. Akaenda Stockholm akashinda mita 100, na 1920 akashinda tena. Alijifunza baharini Waikiki, na teke lake lilikuwa la wazee wa kwao.

Mwaka 1926 Mmarekani Gertrude Ederle akavuka ule mlango bahari wa Webb kwa saa 14 na nusu hivi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka, na aliwapita kwa muda wanaume wote waliomtangulia.

Kuhusu mavazi, huhitaji kwenda mbali. Nungwi, hukohuko kwenu Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, walimu wakiwa wanawake wenzao, na kwa kuanzia wanashikilia madumu matupu ili waelee. Anza na kuelea. Kushindana ni habari ya baadaye, akitaka mwenyewe.

#6 Fundi_Saa_Dom

Kocha, naomba nichangie upande wangu. Natengeneza saa hapa Dodoma, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kuogelea nakupenda kwa sababu ya saa.

Olimpiki ya Roma 1960, fainali ya mita 100 wanaume. John Devitt wa Australia na Lance Larson wa Marekani wanafika ukutani pamoja. Enzi hizo kila njia ilikuwa na watu watatu wenye saa za kubonyeza, na pembeni kulikuwa na majaji wanaotazama kwa macho tu. Saa tatu za Larson zilisoma 55.0, 55.1 na 55.1. Saa tatu za Devitt zote zilisoma 55.2. Kwa saa, Larson kashinda. Lakini majaji wa macho walitofautiana wao kwa wao, na jaji mkuu akampa Devitt dhahabu. Kisha muda rasmi ukaandikwa 55.2 kwa wote wawili. Yaani muda wa Larson uliongezwa ili karatasi ikubaliane na uamuzi. Wamarekani walikata rufaa, haikufua dafu.

Mimi kama fundi jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mtu anashika saa, anasoma anachokiona, halafu anaambiwa saa yake iseme vingine.

Kelele za Roma ndizo zilizoharakisha saa za umeme. Ukutani ikawekwa pedi. Muogeleaji akiigusa saa inasimama yenyewe. Zikaleta tatizo jipya. Munich 1972, mita 400 mchanganyiko (mitindo yote minne kwa zamu), Gunnar Larsson wa Sweden alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 31.981. Tim McKee wa Marekani, 31.983. Tofauti ni sehemu mbili za elfu za sekunde. Nimepiga hesabu: kwa kasi waliyokuwa nayo ni chini ya milimita 3. Hakuna fundi wa zege duniani atakayekujengea ukuta ambao njia namba hii na namba ile zinalingana kwa milimita 3 baada ya mita 400. Kwa hiyo saa ilikuwa sahihi kuliko bwawa.

Baada ya hapo sheria ikasema mwisho ni sehemu ya mia ya sekunde. Wakilingana, wote wanapewa. Ndiyo maana Rio 2016 Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada wote wana dhahabu ya mita 100, sekunde 52.70 kila mmoja. Huo kwangu ndio uamuzi wa haki kuliko yote.

#7 Kocha_Bweni

Fundi, umeniongezea kitu. Sikuwahi kupiga hesabu hiyo ya milimita.

Niendelee na sheria, maana mchezo huu umekua kwa kufukuzana: muogeleaji anatafuta upenyo, sheria inamfuata.

Chukulia kipepeo. Mtindo huu haukutungwa mezani. Miaka ya 1930 sheria ya mtindo wa chura ilisema mikono iende pamoja, lakini haikusema irudi mbele kwa njia ya majini. Watu wakaanza kuirudisha hewani. Huko Iowa, Marekani, kocha David Armbruster na muogeleaji wake Jack Sieg wakaongeza teke la pomboo, miguu yote miwili pamoja, kiuno kikipanda na kushuka. Kwa miaka mingi shindano moja lilikuwa na watu wanaoogelea vitu viwili tofauti. Mwaka 1952 ikaamuliwa vitenganishwe, na Melbourne 1956 kipepeo kikawa na medali zake. Aliyewahi kuona pomboo Kizimkazi ataelewa mwili unavyotakiwa kwenda. Mimi huwaambia watoto wasifikirie miguu, wafikirie kifua kinasukuma maji chini na mengine yafuate.

Melbourne hapohapo Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 za chura akiwa chini ya maji sehemu kubwa ya safari, kwa kuwa chini hakuna mawimbi ya kukuzuia. Ikapigwa marufuku. Mwaka 1988 David Berkoff wa Marekani akafanya hivyohivyo kwa mtindo wa chali, anateleza chini kwa teke la pomboo zaidi ya nusu ya bwawa. Ikawekewa kikomo cha mita 10, kisha 15, na ndicho kilichopo sasa.

Mengine kwa haraka: Paris 1924 ndiyo Olimpiki ya kwanza yenye bwawa la mita 50 na njia zilizotenganishwa, na Johnny Weissmuller, mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika, akashinda hapo huku Duke akiwa wa pili. Miwani iliruhusiwa Olimpiki mwaka 1976 tu. Fikirieni waliotangulia, masaa ndani ya dawa ya klorini macho wazi.

#8 Mnyalu_Iringa

Uzi mzuri, Kocha, lakini niulize kitu ambacho nadhani wengi wanaogopa kuuliza. Mimi nimetokea milimani, kuogelea sijui. Shuleni mwalimu wetu wa michezo alitufundisha kwamba Mwafrika ana mifupa mizito, ndiyo maana anazama na ndiyo maana hatuna medali za kuogelea. Nimeamini hivyo tangu darasa la sita. Je, ni kweli?

#9 Kocha_Bweni

Umefanya vizuri kuuliza, na nitakujibu kwa urefu.

Kuelea kunategemea hewa iliyo mapafuni, mafuta ya mwili, na zaidi ya yote namna ulivyolala. Mtu mwembamba mwenye misuli, awe Mnorwe au Mhehe, miguu yake itashuka akisimama wima majini. Namfundisha kulala, kichwa chini, kifua kimebonyea, na anaelea. Nimewafundisha watoto mia kadhaa. Sijakutana na hata mmoja aliyeshindwa kuelea kwa sababu ya mifupa. Walioshindwa siku ya kwanza walishindwa kwa hofu.

Na historia inasema vingine kabisa. Mwaka 1602 Mholanzi Pieter de Marees alichapisha kitabu kuhusu Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, na alieleza jinsi wenyeji walivyokuwa mahodari wa kuogelea na kuzamia. Wakati huo mabaharia wengi wa Ulaya hawakujua kuogelea kabisa.

Hiyo habari ya mifupa ilitoka kwa watu waliofunga milango ya mabwawa. Marekani, kwa miongo mingi, Mweusi hakuruhusiwa kwenye mabwawa ya Wazungu. Mwezi Juni 1964, St. Augustine, Florida, watu Weusi na Wazungu waliingia pamoja kwenye bwawa la hoteli kupinga ubaguzi, na mwenye hoteli akamwaga tindikali majini wakiwa bado ndani. Picha yake ipo. Afrika Kusini nako, chini ya ubaguzi wa rangi, mabwawa na hata fukwe ziligawanywa. Unamnyima mtu maji kwa vizazi vitatu, kisha unasema mwili wake haufai kwa maji.

Mwaka 1987 kiongozi mmoja wa timu ya besiboli Marekani, Al Campanis, alisema kwenye televisheni, taifa zima likitazama, kwamba Weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu hawaelei. Alipoteza kazi.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1988, Seoul, fainali ya mita 100 kipepeo. Matt Biondi wa Marekani anaongoza hadi mita za mwisho kabisa. Njia nyingine kuna Anthony Nesty, kijana wa miaka 20 kutoka Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Nimeitazama mbio hiyo mara nyingi sana, kipande kile cha mwisho nakisimamisha picha kwa picha. Biondi amemaliza pigo la mikono, ukuta bado uko mbele kidogo, karibu mno kwa pigo jingine na mbali mno kwa kunyoosha. Anachagua kuteleza. Nesty mikono yake bado inakuja mbele, kwa nguvu, na vidole vinaingia ukutani vikiwa safarini. Sekunde 53.00 kwa 53.01.

Alikuwa mwanaume Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki wa kuogelea. Kabla yake, Montreal 1976, Enith Brigitha mzaliwa wa Curaçao alikuwa ameshachukua shaba mbili akiogelea kwa Uholanzi. Na Paris 2024, kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani, ya nchi ileile ya Biondi, alikuwa Anthony Nesty.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Iringa, mwalimu wako alirudia alichoambiwa, sina ugomvi naye. Ukija Tanga nitafute, nitakuelesha siku hiyohiyo.

#10 Mwana_wa_Nairobi

Wadau, msitusahau sisi Wakenya. Watu wanatujua kwa mbio za nyika na marathoni pekee, lakini Beijing 2008 Jason Dunford, mzaliwa na mlelewa wa Nairobi, aliogelea mchujo wa mita 100 kipepeo kwa sekunde 51.14 na hiyo ikawa rekodi ya Olimpiki! Milorad Čavić wa Serbia aliivunja muda si mrefu baadaye, kwenye mchujo huohuo, lakini kwa muda ule jina la Kenya lilikuwa limesimama juu ya ubao. Akafika fainali, wa tano. Hiyo fainali ndiyo ile Michael Phelps wa Marekani alimshinda Čavić kwa 0.01, na ukisoma habari ya Nesty na Biondi utaona ni kosa lilelile: mmoja aliteleza, mwingine akaongeza mkono.

Miaka miwili baadaye, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi, Dunford akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo. Nilikuwa kidato cha pili. Tulipiga kelele hadi mlinzi wa bweni akaja.

Na Zimbabwe yuko Kirsty Coventry, medali saba za Olimpiki, mbili za dhahabu, zote za mita 200 chali, 2004 na 2008. Sasa ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, aliyechaguliwa Machi 2025.

#11 Mtu_wa_Kirumba

Asante sana Mwana wa Nairobi. Kocha, na yule wa Guinea ya Ikweta aliyeogelea peke yake Sydney? Watu hutuma video yake wakicheka. Na zile nguo za kung'aa zilizopigwa marufuku?

#12 Kocha_Bweni

Nguo kwanza, kwa kifupi. Kati ya 2008 na 2009 zilitoka nguo za plastiki laini zilizobana mwili na kuuinua majini. Mashindano ya dunia Roma 2009 yalivunja rekodi 43 kwa siku chache. Kuanzia Januari 2010 zikakatazwa: kitambaa tu, wanaume kiunoni hadi magotini, wanawake mabegani hadi magotini. Rekodi ya César Cielo ya mita 100, sekunde 46.91, iliyowekwa Roma, ilidumu hadi 2022. Leo ni 46.40, ya Pan Zhanle wa China, Paris 2024, bila nguo hizo.

Sasa Eric Moussambani. Nawaomba wanaocheka wakae wasome. Alifika Sydney 2000 kwa nafasi maalumu zinazotolewa kwa nchi ambazo mchezo haujakua. Alikuwa ameanza kujifunza miezi michache tu kabla, kwenye bwawa dogo la hoteli. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza hukohuko Sydney. Kwenye mchujo wake walikuwa watatu. Wenzake wawili wakaanza kabla ya mlio, wakatolewa. Akaogelea mita 100 peke yake, mbele ya umati mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona. Mita 50 za kwanza alikwenda vizuri. Za pili, mwili ulikwisha. Ukitazama mita 15 za mwisho, mikono inaingia majini lakini haivuti tena, kiuno kimeshuka, kila mwalimu wa kuogelea anajua hapo mtu yuko karibu na hatari. Hakushika kamba. Alifika kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Baadaye akawa kocha wa taifa lake.

Ninapomtazama Moussambani namwona Hajós kwenye mawimbi ya Piraeus, mtu anayetaka tu kufika.

#13 Mama_Salma_Unguja

Kocha, nimemsomea bibi yake Salma yote, hadi ya Fanny na meli. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo mwalimu wa Nungwi ni mwanamke kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi twende tukamwone. Tunakwenda Jumapili inshallah.

#14 Kocha_Bweni

Alhamdulillah, Mama Salma. Beba taulo mbili na maji ya kunywa. Watoto husahau kwamba baharini nako mtu anatoka jasho.

Nami niwape habari ya yule kijana wa ngalawa. Leo alfajiri maji yalikuwa yamejaa, bahari imetulia. Nilimpa miwani ya kuogelea, ya kwanza maishani mwake, nikamwambia kitu kimoja: uso majini, tazama mchanga, ukitaka pumzi geuza shavu kama unamsikiliza mtu aliye kando yako. Mikono sikuigusa. Teke sikuligusa. Mara tatu alimeza maji na kukohoa. Mara ya nne kiuno kikapanda, miguu ikaacha kuburuta, na akanipita pale niliposimama kabla sijamaliza kuhesabu.

Jumamosi nitapima mita 50 kwa kamba kati ya nguzo mbili. Baba yake ameomba ashike saa.

Fundi wa Dodoma, kama una saa ya kubonyeza inayofanya kazi vizuri, niandikie faragha, ninainunua.

#15 Fundi_Saa_Dom

Ninayo. Nimeshaijaribu na nyingine mbili, zinasoma sawa. Hainunuliwi, nitaituma na basi la kesho.